Nina presha, sinywi pombe, na wifi yangu ananiita Nairobi kukimbia hash

"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 46, mwalimu, naishi Mtwara mjini. Huu mwaka wa tatu nakimbia na klabu yetu ya joging kila Jumamosi alfajiri kuanzia Shangani. Mara mojamoja tunafika Mikindani na kurudi kwa bajaji. Mimi ni wa nyuma siku zote, kilomita tano huzimaliza kwa dakika 45. Wifi yangu anafanya kazi Nairobi na kule anakimbia na kikundi kinaitwa hash. Ameniambia niende likizo ya Juni nikakimbie nao, na mwakani anataka twende wote Kuala Lumpur kwenye mkusanyiko wao. Wenzangu wa klabu wanasema mbali kote huko kwa nini, twende Pemba ya Msumbiji kwa gari, karibu tu hapa. Nina presha, natumia vidonge viwili, kimoja kinanipeleka chooni kila saa. Sinywi pombe. Mume wangu anasema hao ni walevi waliojificha kwenye mazoezi. Tena nimesikia hewa ya Nairobi ni nzito, mtu wa pwani anazimia. Niende au nisiende? Na wakikimbia wakaniacha porini?"

Dada yangu, habari ni njema, nashukuru. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mimi ni daktari wa hapa jirani, Lindi, na nimekimbia na hash Dar es Salaam na Nairobi. Jibu langu kwa ufupi ni hili: Nairobi nenda, ila kwanza upimwe, na ukifika usikimbie siku ya kwanza. Pemba kwa gari, hapana. Kuala Lumpur inawezekana, na huenda ukashangaa nikikwambia kwamba mwili wako utaihimili kirahisi kuliko Nairobi.

Nianze na kuachwa porini, kwa sababu naona ndilo lililokukaa moyoni, ingawa umeliandika mwisho.

Wewe umezoea mchakamchaka: kundi moja, wimbo mmoja, mwendo wa anayeongoza, na aliye nyuma anakata pumzi akiwafukuzia. Hash haiko hivyo. Ifikirie kama kombolela ya watu wazima. Mtu mmoja au wawili, wanaoitwa sungura, hutangulia na kuweka njia kwa unga wa ngano, chaki au vipande vya karatasi. Doa moja kwenye shina la mti, jingine mbele kidogo kwenye jiwe, jingine ukutani. Waliobaki wote ni mbwa wa kuwinda, wanafuata madoa. Na sungura huyo ni yuleyule wa hadithi za bibi zetu, kazi yake ni kuwapoteza. Kila baada ya mwendo fulani anaweka alama, mara nyingi duara, na hapo njia inakatika. Inaweza kuendelea kushoto, kulia, mbele, hata kurudi mlikotoka. Waliofika wa kwanza wanatawanyika kutafuta. Mmoja anafuata madoa ya uongo mita mia mbili, anakuta alama inayomwambia amepotea, anageuza. Mwingine anapata madoa ya kweli, anapaza sauti "On On!", na kundi zima linaelekea kwake.

Sasa tazama kinachokupata wewe wa nyuma. Wakati wenye mbio wanahangaika kwenye duara, wewe unakuja polepole na dakika zako tisa kwa kilomita. Ukifika, njia imeshapatikana, unaambiwa tu "ni kule". Mwenye mbio atakuwa amekimbia kilomita nane au tisa kwa kwenda na kurudi kwenye njia za uongo, wewe sita, na mwisho mnaingia mkiwa mmepishana dakika chache. Haitokei kwa bahati. Sungura anayejua kazi yake hupima njia yake kwa jambo hilohilo: wa mbele na wa nyuma wamefika pamoja au hawakufika? Hakuna saa inayohesabu, hakuna wa kwanza, na anayekimbia kama yuko mashindanoni ndiye anayetaniwa jioni. Kwa hiyo mwendo wako si aibu ya kuificha, umo ndani ya hesabu ya mchezo.

Vikundi vingi pia huweka njia mbili, ya wakimbiaji na ya watembeaji. Muulize wifi yako mapema kama chao kina njia ya watembeaji na nani hubaki nyuma kuhakikisha hakuna aliyesahaulika. Kabla ya kuondoka, sungura hueleza alama zake kwa wageni. Simama karibu, sikiliza, uliza, hata kama Kiingereza kinakupa aibu, kwa sababu alama zinatofautiana kikundi hadi kikundi, na msalaba wa Nairobi waweza kuwa na maana nyingine Kampala. Ukienda mwendo mrefu bila kuona doa, usisonge mbele kwa kubahatisha. Rudi kwenye doa la mwisho uliloliona, simama hapo, piga simu. Simu iwe na chaji, na jina la mahali mlipoanzia liwe limeandikwa kwenye karatasi mfukoni.

Tuje kwenye hewa. Hapa umeambiwa kinyume kabisa: hewa ya Nairobi si nzito, ni nyepesi, na wepesi huo ndio unaochosha.

Hewa ya Mtwara na ya Nairobi ina oksijeni kwa kiwango kilekile, karibu asilimia 21. Tofauti iko kwenye mgandamizo. Wewe uko usawa wa bahari, na hewa yote iliyo juu yako inaielemea hii unayoivuta, kwa hiyo inaingia mapafuni ikiwa imesongamana. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa iliyobaki juu yake ni kidogo, na ile ya chini imetawanyika. Chukua mfano wa gunia la korosho: gunia ni lilelile, lakini la Mtwara limeshindiliwa na la Nairobi halikushindiliwa. Ukivuta pumzi ileile, unapata oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Mwili unajibu papo hapo kwa kuhema haraka na moyo kwenda mbio. Kuongeza chembe nyekundu za damu, ambako ndiko kuzoea kwenyewe, huchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo kama unakwenda kwa siku kumi, usitegemee kuzoea. Panga kupunguza mwendo, basi.

Ugonjwa wa mwinuko, ule unaowapata wapanda Kilimanjaro, kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500. Kwa Nairobi mjini usiuogope. Ila njia nyingi nzuri ziko nje ya mji, na huko ardhi inapanda. Limuru kwenye mashamba ya chai umeshavuka mita 2,000, na kilele cha vilima vya Ngong kinakaribia mita 2,460. Uliza wiki hiyo wanakimbilia wapi. Ikiwa ni Ngong na wewe umefika juzi, tembea na watembeaji.

Kipimo cha mwendo wako kisiwe saa. Sema sentensi nzima kwa sauti: "Naomba unisubiri pale kwenye mti ule mkubwa." Ukiimaliza bila kukata pumzi, endelea. Ukikatika katikati, tembea mpaka uweze kuimaliza. Juni kule ni baridi, asubuhi huwa nyuzi 12 au 13, na baridi hubana mishipa ya damu na kupandisha presha kidogo. Vaa nguo ndefu na sweta unaloweza kulifunga kiunoni, na tembea dakika kumi kabla ya kuanza kukimbia. Hewa kavu itakausha jasho lako kabla hujaliona. Kutokulowa hakumaanishi hujapoteza maji.

Kuna jambo ninalotaka ulishike kuliko yote niliyokwisha kusema, na sidhani kama kuna mtu amekuonya. Hatari yako kubwa haiko kwenye njia, iko pale mwisho, mnaposimama.

Mkimaliza kukimbia, hash hukusanyika katika duara. Watu wanasimama, wanaimba, wageni wanatambulishwa, sungura anasifiwa na kulaumiwa. Inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Sasa fikiria miguu yako. Ulipokuwa unakimbia, mishipa ya mapaja na vigimbi ilipanuka kupokea damu nyingi, na misuli, kila inapojikaza, iliisukuma damu hiyo irudi juu kwenye moyo. Ukisimama ghafla, msukumo unakoma lakini mishipa bado iko wazi. Damu inatuama miguuni, presha inashuka, na ubongo unakosa. Kwa mtu yeyote hilo ni kizunguzungu kidogo. Kwa mtu mwenye vidonge vya kushusha presha, na kimojawapo kimekwisha kumpunguzia maji mwilini, ni kuanguka.

Mimi sina presha na yalinipata. Mara yangu ya kwanza Nairobi nilisafiri usiku kucha, mchana wake nikaunga na wenye mbio ili nisionekane mgeni, nikaingia kwenye duara nikiwa natetemeka. Dakika chache tu sauti zikaanza kwenda mbali. Mama mmoja wa makamo, simjui mpaka leo, alinishika mabega akanikalisha kwenye nyasi na kuniambia niinue miguu. Alikuwa ameona midomo yangu imebadilika rangi. Ndiyo maana nasema siku ya kwanza usikimbie: fika, lala, kunywa maji, tembea jioni na wifi yako madukani, kimbia siku ya pili au ya tatu. Na ukimaliza njia, usiingie kwenye duara moja kwa moja. Tembea dakika kumi ukizunguka magari. Kisha omba kukaa. Mwambie wifi yako awaambie wenzake mapema kwamba utakaa chini, na hakuna atakayekuuliza.

Vidonge sasa. Hicho kinachokupeleka chooni kinatoa maji na chumvi mwilini, na ninajua, kwa sababu wagonjwa wangu wananiambia, kwamba akina mama wengi siku ya kusafiri kutoka huku kwenda Dar hawakinywi. Basi linakwenda kutwa nzima na kusimama ni mara chache. Wengine wanaacha kidonge na kuacha maji pia, wanafika Dar na presha juu na midomo imekauka. Usifanye hivyo kwa kuamua mwenyewe. Muulize daktari wako akupangie saa ya kukinywa siku ya safari na siku ya kukimbia. Ni swali la kawaida kabisa na lina majibu.

Kwa upande mwingine, usije ukasikia "kunywa maji mengi" ukamaliza chupa tatu ukiwa njiani. Maji mengi kupita kiasi juu ya kidonge cha namna hiyo yanaweza kuiteremsha mno sodiamu, yaani chumvi iliyo kwenye damu, na dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu na kuchanganyikiwa. Mtu anadhani amekaukiwa, anaongezewa maji, anazidi kuharibikiwa. Kunywa unaposikia kiu, basi. Na vidonge vya maumivu ambavyo wakimbiaji wanapeana kama pipi, diklofenaki na ibuprofeni, wewe usivipokee. Vinapandisha presha na kuyaelemea mafigo, hasa kwa mtu anayetumia kidonge cha kutoa maji. Ukiumwa goti tumia parasetamoli, na goti lipumzike.

Kidonge cha pili hukukitaja jina. Kama ni amlodipini, miguu inaweza kuvimba kwa kukaa muda mrefu kwenye basi au ndege: kunja na kunjua nyayo, nyanyuka kila inapowezekana. Kuvimba kwa miguu yote miwili sawasawa mara nyingi hakutishi. Mguu mmoja ukivimba na kigimbi kikauma, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana linaweza kuwa donge la damu. Kama ni atenololi au jamaa zake, kinauzuia moyo kwenda mbio, kwa hiyo saa ya mkononi inayohesabu mapigo itakudanganya kwamba unakwenda polepole. Rudi kwenye kipimo cha sentensi.

Kuhusu pombe nitasema ukweli wote, ili mume wako asiseme nimewafichia.

Hash House Harriers ilianza mwaka 1938 hapo hapo Kuala Lumpur. Waanzilishi walikuwa Waingereza waliokuwa wakifanya kazi huko, akiwemo Albert Gispert, mhasibu aliyekufa vitani Singapore mwaka 1942. Walikimbia Jumatatu jioni, na jina la "hash" ni utani wao juu ya chakula cha mahali walipokuwa wakila. Baada ya vita, walipotakiwa kusajiliwa mwaka 1950, waliandika malengo manne: kujenga afya, kuondoa uchovu wa ulevi wa mwisho wa wiki, kupata kiu nzuri na kuikata kwa bia, na kuwashawishi wazee kwamba si wazee kama wanavyojihisi. Kwa hiyo bia ipo tangu kwenye hati. Mume wako hakuota.

Lakini kutoka hapo hadi "kikundi cha walevi" ni mbali. Leo kuna vikundi karibu kila pembe ya dunia na havifanani. Vingine ni vya familia, watoto wanakimbia na wazazi. Vingine ni vya wanaume peke yao, na kile cha kwanza kabisa cha Kuala Lumpur kimebaki hivyo. Vingine ni vya wanawake. Kwenye vingi utakuta nyimbo za matusi, tena bila kificho, na majina ya utani ambayo mwalimu wa shule asingependa wanafunzi wayasikie. Hayo yapo na sitayapamba. Kwenye duara, mgeni hupewa kikombe anywe kwa mkupuo huku wakimwimbia. Kikombe hicho kinaweza kuwa na soda au maji, na kwa muda wote niliokaa nao sikuona mtu akilazimishwa. Wapo wengi wasiokunywa: Waislamu, Walokole, madereva, wajawazito, watu wa dawa kama wewe. Sema mapema, "mimi soda," ishike chupa yako uliyoifungua mwenyewe, imeisha. Wakitaka kukupa jina usilolipenda, kataa. Wakitaka kukupiga picha, kataa ukitaka. Kikundi kisichoheshimu "hapana" yako ya kwanza si kikundi cha kurudi mara ya pili.

Kiafya, hata kama ungekuwa mnywaji, ningekwambia uache siku hiyo. Pombe inapanua mishipa na kuzuia figo kubakiza maji, yaani inaongezea kilekile kinachowaangusha watu kwenye duara.

Pemba sitaizungusha. Najua Ruvuma tunauona kama mto wa nyumbani, tuna ndugu ng'ambo, na Daraja la Umoja pale Mtambaswala limefunguliwa tangu 2010. Lakini barabara ya kwenda Pemba inapita jimbo la Cabo Delgado, ambako mashambulizi ya silaha yalianza Oktoba 2017, mji wa Palma ukavamiwa Machi 2021, na hata upande wetu, Kitaya, kijiji kilishambuliwa Oktoba 2020. Kundi la wakimbiaji ndani ya basi dogo kwenye barabara ile kwa ajili ya starehe, mimi siwezi kulipa baraka. Karibu kwa kilomita si karibu kwa usalama. Waambie wenzako wakitaka kualikana na klabu nyingine, waje Lindi, tuwapokee.

Ningependa badala yake uongeze kituo kimoja kabla ya Nairobi. Dar es Salaam kuna hash ya miaka mingi, na lazima upite Dar. Ukikimbia pale mara moja, hewa ni ileile uliyoizoea, kwa hiyo kitu kigeni kitakuwa kimoja tu, mchezo. Nairobi utaukuta mchezo unaujua na kigeni kitakuwa hewa. Nimeona watu wakivunjika moyo kwa kukutana na vyote viwili siku moja, halafu wanadhani wao ndio hawafai.

Na usianze na mkusanyiko mkubwa. Mikusanyiko ya kimataifa, ambayo wa kwanza ulifanyika Hong Kong mwaka 1978, hukusanya watu kutoka nchi nyingi kwa siku kadhaa, kelele usiku, njia ndefu mchana, watu hawajuani. Mbio ya kawaida ya wiki, yenye watu thelathini au arobaini wanaomjua wifi yako kwa jina, ndiyo mahali pa mgeni.

Kuala Lumpur nimesema mwili wako utaipenda zaidi. Haiko juu milimani, na joto lake la nyuzi 32 na unyevunyevu ni Mtwara ya Februari. Mzungu anayetoka kwenye baridi atahitaji wiki moja au mbili mwili wake ujifunze kutoa jasho vizuri. Wako ulijifunza utotoni. Kinachokungoja kule ni kingine: msitu wenye vilima vya kuteleza, ruba wanaopanda miguuni, na giza. Mbio za jioni zikianza saa 12, jua linazama baada ya saa moja na kidogo, na ndani ya miti giza linawahi. Tochi ya kichwani ni lazima. Saa zao ziko tano mbele yetu, kwa hiyo hata saa ya vidonge vyako ipangwe upya na daktari, na siku tatu za kwanza usingizi utakusumbua. Tafuta kikundi cha mchanganyiko au cha wanawake. Na kama wewe ni Mwislamu, sheria za dini za majimbo ya kule zinamkataza Mwislamu pombe, kwa hiyo kukataa kwako kutaeleweka haraka kuliko popote.

Nisipite bila kusema hili: usimbebee mtu yeyote mzigo. Si wa rafiki wa wifi, si wa mtu wa klabu, si "dawa za mama yangu" za jirani wa kiti. Malaysia wana adhabu kali mno za dawa za kulevya, kifo kikiwemo, na mzigo ulio mkononi mwako ni wako. Vidonge vyako vibaki kwenye pakiti zake zenye jina, pamoja na barua ya daktari, na viwe kwenye begi la mkononi, usivitie kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege.

Karatasi nyingine ni chache. Pasipoti anza sasa kwenye mfumo wa Uhamiaji ukiwa na namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa. Kwa nchi za mbali iwe imebaki na zaidi ya miezi sita ya uhai. Chanjo ya homa ya manjano upate angalau siku kumi kabla ya kuondoka, kwani cheti chake huanza kufanya kazi siku ya kumi na hudumu maisha yote. Kenya ni nchi yenye homa hiyo, na ukishapita huko unaweza kuulizwa cheti unaporudi nyumbani au ukienda Malaysia. Chukua bima ya safari na uwatajie presha yako bila kuficha. Ukificha, siku ya kudai hawatalipa. Ada ya mkusanyiko usiilipe kwa fedha ya korosho ambayo bado haijaingia kwenye akaunti, kwa sababu ada hizo mara nyingi hazirudishwi, na malipo ya korosho unayajua.

Unga pia uuache nyumbani. Ukishanogewa utatamani kuwa sungura katika mji wa watu. Mwaka 2007, New Haven huko Marekani, watu wawili walikamatwa kwa kuweka madoa ya unga kwenye maegesho ya duka, polisi wakidhani ni sumu. Njia huwekwa na mwenyeji anayejua wapi pa kuomba ruhusa.

Kabla ya hayo yote, nenda hospitali. Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, popote penye faili lako. Waambie unakwenda kukimbia mahali pa mita 1,800, ili wasikupime presha tu wakakuruhusu. Omba kipimo cha umeme wa moyo, kile cha nyaya kifuani, na damu kwa ajili ya figo na sodiamu. Pima presha nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki moja, uandike, uende na daftari. Ikiwa inasoma 180 juu au 110 chini au zaidi, usikimbie hata Shangani mpaka ishuke. Na kama umewahi kuzimia ukiwa unakimbia, au kifua kinabana ukipanda mlima kikaachia ukisimama, au moyo unarukaruka bila mpangilio, au ndugu yako wa damu alikufa ghafla akiwa kijana, barua hii haikutoshi. Safari ingoje mpaka daktari wa moyo akuone.

Akikuruhusu, una wiki za kutosha hadi Juni. Endelea na Jumamosi zenu, ongeza siku moja ya kupanda na kushuka vilima vya nyuma ya Boma la Mikindani kwa kutembea haraka, ukivaa viatu vilevile utakavyosafiri navyo. Lami ya Shangani haijakufundisha vifundo vya miguu kukanyaga mizizi.

Mume wako naye ana haki ya kuuliza, hasa kwa kuwa anayekuita ni dada yake mwenyewe. Mwambie ampigie simu huyo dada yake, aulize wanakutana wapi, wanamaliza saa ngapi, nani anawarudisha nyumbani. Na kama likizo yake inaruhusu, mwende wote. Njia ya watembeaji haiulizi mtu amekimbia mara ngapi, na kwenye duara mtakuwa wawili mlioshika soda, mmekaa kwenye nyasi.